Uso wa Mama Chumbani Mwako

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima, wifi na watoto hawajambo, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi mzima wa mwili. Baba naye anakula vizuri na analala vizuri, ingawa kumbukumbu yake, kama nilivyowahi kukueleza, inakuja na kuondoka. Najua hapa tayari unataka kuikunja barua. Kwenye simu nikimtaja Baba tu, mtandao wako unakatika, tena kila mara. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu karatasi haikatiki. Nakuomba kaka, soma mpaka mwisho.

Kwanza niwie radhi kwa chumba chako. Sasa ndiyo studio yangu. Kitanda nimekisimamisha ukutani, dirishani nimetundika chandarua cha zamani ili mwanga uingie kwa upole, na nyuma ya kiti nimening'iniza shuka jeusi. Taa zangu ni zile za mafundi ujenzi, zinaunguza kama pasi. Humo ndimo ninamochora nyuso na kuzipiga picha. Kupamba maharusi ndiko kunakonilisha, lakini roho yangu iko kwenye haya mengine: uso uliopasuka kama udongo mkavu, uso wa magamba, uso nusu mtu nusu jiwe. Msaidizi wangu ni yule jirani fundi cherehani, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Siku nilipomchora magamba alijitazama kwenye kioo akasema sasa mumewe atakuwa na sababu ya kumwogopa.

Baba hapendi kazi hii. Hajanikataza, ila akipita mlangoni hukohoa kile kikohozi chake cha kutukumbusha nani mwenye nyumba. Kwa hiyo mimi hufanya kazi mchana, yeye akiwa amejipumzisha.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Nilipata wazo la kujipiga picha mwenyewe nikiwa mzee. Ni kazi ya subira. Unavuta ngozi kwa vidole, unapaka gundi laini ya mpira, unabandika vipande vya karatasi ya shashi, unakausha kwa mashine ya nywele, kisha unaachia na ngozi inajikunja yenyewe. Nilianza na macho, nikaja mashavuni, nikamalizia mdomo na shingo. Nikazitia mvi nyusi. Nilihitaji kitambaa kilichochakaa cha kichwani, nikatoa kimoja cha Mama sandukuni. Nilipoinua macho kwenye kioo, kaka, sikumwona bibi kizee yeyote. Nilimwona Mama, sawasawa na alivyokuwa siku zake za mwisho. Sindano unamjua, hakai kimya hata akinywa maji. Safari hii alisema tu anakwenda jikoni kuosha brashi, lakini brashi zote alikuwa ameziacha mezani.

Nilikuwa nimepiga picha chache tu mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Baba, na viatu vyake mkononi. Alinitazama usoni. Nilingoja anigombeze. Badala yake alisema taratibu, "Kumbe uko huku. Nimekutafuta nyumba nzima."

Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Hakusikia, au alisikia akakataa. Aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Kisha akaanza kulisukuma lile kabati alilolitengeneza kwa mikono yake ulipoanza shule, akalikokota mpaka likaziba mlango. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Kona ya kabati iligonga taa moja, nayo taa ikaangukia shuka jeusi.

Sindano akasikia kishindo, akaja kugonga na kuuliza kuna nini. Hapo mambo yakaharibika zaidi. Baba alisimama mgongo ukiwa kwenye kabati, mikono ameitandaza, akasema gari limekuja na safari hii hawakuchukui. Alirudia hivyo tena na tena. Nikaelewa, kaka. Alikuwa amerudi kwenye siku ile uliyombeba Mama kumpeleka hospitali.

Nilianza kusikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Nilipojaribu kuifikia taa, alinishika mkono kwa nguvu akanirudisha kitini. Nikamwambia tena kwamba mimi ni binti yake, nikaanza kuibandua gundi shavuni ili anione. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Aliona ngozi ya mkewe ikitoka vipande vipande, akalia kama mtoto, akauliza nani amemfanyia hivi mwenzake. Moshi ulikuwa umeanza kupanda. Dirisha lile unalijua, lina nondo. Nje Sindano alikuwa akiita watu.

Nikaacha kubandua. Nikakaa sawa, nikamwita kwa jina ambalo Mama pekee ndiye aliyekuwa akimwita. Nikasema, "Bwana Mkubwa, pana joto humu. Naomba ufunguo."

Akatulia palepale. Mabega yake yalishuka. Lakini hakuutoa ufunguo. Alipiga magoti mbele yangu, akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Usiende na kinyongo. Kijana alitaka kukuokoa. Mimi ndiye niliyekuchelewesha, niliogopa. Ulipokufa nikamtupia yeye lawama, kwa kuwa sikuweza kuzibeba mwenyewe. Nimemfukuza mwanangu kwa kosa langu."

Soma hapo tena ukitaka. Miaka yote hii tumeamini kwamba yeye anaamini wewe ndiye uliyemuua Mama kwa kumpeleka kwenye kisu cha daktari. Hata mimi, nisikufiche, kuna siku niliwahi kujiuliza. Kumbe alikuwa akijua ukweli tangu mwanzo.

Shuka likashika moto. Nilimwambia nimemsikia, atoe ufunguo. Akauliza, "Atarudi?" Na hapa ndipo ninapokuungamia kaka yangu. Nilijibu kwa sauti ya Mama kwamba ndiyo, utarudi. Alinitazama machoni kuhakikisha, kisha akautoa ufunguo, akalivuta kabati yeye mwenyewe, nami nikafungua mlango. Sindano aliingia na ndoo akamwagia shuka, taa, kamera na mimi. Ukuta umeungua upande mmoja. Baba hakupata hata mchubuko. Kamera imepona, ila kioo chake kimeingia ukungu.

Jioni nilikuwa nanawa uani. Baba akaja, akaketi kwenye kibao mbele yangu, akachukua kitambaa na kunifuta gundi iliyobaki kidevuni. Alisema, "Pole, mwanangu. Umechoka." Sijui alikumbuka nini na nini kilikuwa kimeondoka. Sikuuliza.

Lakini ahadi ile haikuondoka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi anavaa shati la kutokea, anakaa barazani, anaitazama njia. Jirani akimuuliza anamngoja nani, anasema kijana wake yuko njiani. Kuna siku anasahau jina langu, lakini hilo analikumbuka. Daktari ameniambia nisitegemee liendelee hivyo. Amesema siku moja atakaa pale bila kujua anamngoja nani, kisha hataketi kabisa.

Sikuwa na haki ya kuahidi kwa niaba yako. Nilikusemea wewe, na nilimsemea Mama, na wote wawili sikuwauliza. Msamaha ni wako, siwezi kukuchorea. Ukiweza kuja, njoo upesi, usingoje likizo. Kitanda nitakishusha, na chumba kitanuka moshi kidogo. Ukiona huwezi, sitakulaumu, ila niandikie wewe mwenyewe uniambie hivyo. Nitakwenda barazani nimwambie ukweli, nikiwa na uso wangu huu, hata kama hataujua.

Picha za siku ile ninazo, sijamwonyesha mtu. Nimekuwekea moja humu. Usiitazame mbele ya watoto.

Nisalimie wifi, mwambie Sindano anauliza vipimo vyake vya gauni. Wabusu watoto wote. Baba yuko nje, hakunituma salamu, ila nimemwacha ameketi na kiti cha pili pembeni yake.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba