Siku Mtani Aliposema Kweli

Kwako mtani wangu Yohana, uliko Tabora,

Salamu sikuletei. Zamani ningekuanza kwa tusi, nikuulize kama michembe, vile viazi vyenu vikavu, imekwisha huko kwenu Unyamwezini, nawe ungejibu kwamba sisi Wazaramo tunauza minazi ya urithi ili tukacheze ngoma. Nimekaa barazani tangu asubuhi natafuta tusi moja zuri la kukuanzia, nalikosa.

Nakumbuka tulipomzika baba. Jeneza lilipotaka kutoka ulilala mlangoni, umevaa kanzu yake na kofia yake, ukaiga kikohozi chake, ukasema hatoki mtu mpaka upewe jogoo. Mama, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani siku mbili, ndiye aliyecheka kwanza. Siku ile nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Na ulipoingia jikoni kwetu ukafunua chungu bila hodi, mama alisema tu, "Mwacheni, huyo mtani."

Ndiyo maana mtaa wetu wa Temeke ulipotakiwa kuchagua mjumbe wa kutusemea Bomani kwa Mzungu mkuu wa wilaya, tulikutaka wewe uhesabu watu watakaojipanga nyuma ya kila anayetaka ujumbe. Ulikuwa karani wa huko, Mnyamwezi, huna shemeji wala shamba kwetu. Tulipatana mbele ya wote kwamba pakitokea ubishi watu watasimama tena, utahesabu tena, na neno la mwisho litakuwa la mstari.

Nawe ukasema, kikombe cha kahawa mkononi, "Nyie Wazaramo mkigombana, mie nawapeleka kwa Bwana Shauri. Mwisho wa maneno ni yule Mzungu, si mie wala nyie."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akaungua vidole. Nikakujibu, "Nenda, ukirudi utuletee michembe."

Siku ya kuchagua, mstari wa Kibwana seremala, aliyeahidi kupigania nyumba zetu zisivunjwe kupisha viwanja vipya, ulifika hadi kisimani. Wa Salehe, aliyekwisha kubali tuhamishwe, uliishia kwenye duka la Mhindi. Kila mwenye macho aliona. Watu wa Salehe wakadai wanawake wasihesabiwe. Sawa, tukasema, Ijumaa ijayo tusimame tena kama tulivyopatana, na hilo la wanawake tuliamue wenyewe kwanza.

Ijumaa hiyo mama alivaa kanga mpya, akasimama juani nyuma ya Kibwana. Ukaja na karatasi yenye muhuri, na askari nyuma yako. Ukasoma kwamba Bwana Shauri amekwisha kuamua, mjumbe ni Salehe. Unakumbuka tulivyofanya? Tulicheka. Mama alishika mbavu akasema, "Huyu Yohana atatuua." Ukasoma mara ya pili. Hapo ndipo nilipoona kwamba askari hacheki.

Nilipokuvuta pembeni ulinijibu maneno machache. "Mie niliwaambia. Nyie mkacheka."

Umenisaliti, Yohana. Sikulaumu kwa kuogopa; kazi ya ukarani nani asiyeogopa kuipoteza? Nakulaumu kwa sababu ulijua kwamba kinywani mwako hatutaitambua kweli. Ungeweza kuja nyumbani, ukae mkekani, uniambie, "Leo sitanii." Maneno mawili tu, nasi tungejua la kufanya. Ukaona ni rahisi zaidi kutuonya kwa namna ambayo hatutaonyeka, halafu ukalala usingizi wako.

Nyumba ya mama ilivunjwa. Wewe ukahamishiwa kwenu bila kuaga, na mama amefia Kinondoni, kwenye chumba cha kupanga. Siku ya maziko nilitazama mlango. Jeneza lilitoka moja kwa moja, hakuna aliyelala njiani kudai jogoo. Nilikuchukia siku ile, na nilikutamani.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo la juzi. Amekuja bwana mmoja kutueleza kura kubwa ya nchi, ya karatasi na sanduku. Kaeleza vizuri. Nikasimama nikamuuliza, pakitokea ubishi juu ya kura hiyo, nani mwenye neno la mwisho? Akasema, jaji. Nikamuuliza, na jaji huyo kawekwa na nani? Sisi tutasimama wapi?

Watu wakaangua kicheko. Mnyamwezi mmoja, mgeni hapa mtaani, akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwacheni, huyo mtani."

Nilisema sitanii, Yohana. Nilisema mara mbili, na kila nikisema wanazidi kucheka.

Ni mimi, ambaye kwa bahati mbaya bado ni

Mtani wako.