Msumari wa Tatu

Jumapili, 8 Machi

Dada,

Shikamoo. Mko salama huko? Na shemeji, goti lake linasemaje? Mimi sijambo.

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba tangu juzi ninamiliki msumari. Uko ukutani bekarini, wa tatu kutoka mlangoni, na aproni inayoning'inia hapo ni yangu. Naosha trei za mikate. Baada ya miaka yote ile ya kukalia kochi lako, si haba.

Aliyenitafutia kazi ni mshauri wa kule kliniki. Anakuja nami hadi kazini na habanduki, ndiyo maana wenzangu wanamwita Kivuli. Kwa ruhusa yangu alimweleza mwokaji mkuu yote: sauti ninazosikia, dawa, wodi. Mwokaji akajifuta unga usoni. "Mimi namsikia mama mkwe hata akiwa safarini. Trei anajua kusugua?"

Mdogo wako


Jumamosi, 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila goti la shemeji yako linalalamika kumshinda mwenyewe.

Nimefurahi, lakini nenda taratibu. Kazi ya kwanza ilikuponyoka vipi? Ulianza kwa kulala mchana na kukataa chakula, na ulipotoka wodini nafasi imeshapata mtu. Kitanda chako hapa bado kimetandikwa.

Dada yako


Jumapili, 5 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Naogopa kuuliza. Barua hujibu, simu umezima. Nimempigia mwokaji. Anasema tangu Jumanne hujaonekana, unalala kutwa, huli, na Kivuli kamleta muuguzi chumbani kwako.

Nimefunga begi, nakuja kukuchukua. Shemeji yako ameshasogeza kochi bila kuambiwa. Rudi tu, hakuna atakayekucheka.

Dada yako


Ijumaa, 10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Fungua begi.

Kutojibu barua ni uchovu wa trei, niwie radhi. Ila Jumanne ile niliamka mwili mzito, chakula kama mchanga mdomoni. Hata mimi niliamini. Nilimwambia Kivuli, "Ile hali imerudi. Mwambie mwokaji ampe mwingine msumari." Nililia, shemeji asijue.

Kivuli akavuta stuli. "Kama imerudi, itatibiwa. Trei zitakungoja. Kwani nani mwingine anazitaka?"

Muuguzi akakagua dawa: sijaruka hata kidonge. Akauliza sauti zinasema nini. Nikamwambia nazo zimelala.

Mwokaji akaja na mkate, akasimama mlangoni kama yuko msibani.

"Aproni yangu anavaa nani?" nikamuuliza.

"Iko pale pale. Trei naosha mimi. Fanya upone, ndugu yangu, mgongo unaniua."

Wote watatu wakanitazama. Ndipo muuguzi akakumbuka kwamba ana kipimajoto.

Jana nimerudi kazini. Yalikuwa mafua.

Mdogo wako