Pampu ya Duara la Baba Kulwa

Mjomba Masanja,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu.

Wiki mbili baada ya kukuzika kijijini Didia, pampu uliyoiwekea programu kule Nyarugusu, kwenye duara la Baba Kulwa, shimo lake la dhahabu, iliungua. Hakuna aliyeumia, wachimbaji walikuwa wamepanda juu. Lakini Baba Kulwa alikuja hadi nyumbani akamwambia mkeo Mama Neema, "Masanja alikuwa fundi wa kubahatisha." Mama Neema akalia. Mimi nikaangalia kandambili zangu.

Nilikiunganisha mezani kiboksi chako cha kuongozea pampu, balbu mahali pa pampu. Kumbukumbu yake ilikuwa na hatua thelathini na saba kabla ya kuungua. Nikazirudia zote. Mwishoni balbu ikawaka ilhali kipima maji kinaonyesha maji hakuna, ila sikujua hatua ipi imeharibu. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Usitembee njia nzima, binti. Irudishe mwanzo, punguza hatua. Kosa likibaki, ulizozitoa hazina hatia." Nikatoa nusu. Nikatoa tena. Zikabaki tatu: maji yameisha, pampu imejizima ijilinde; umeme umekatika; umeme umerudi. Programu ilikuwa imesahau kwamba duara ni kavu, ikaiwasha pampu bila maji.

Nikafungua daftari la majaribio. Kushoto hali za pampu, juu mambo yanayoweza kuitokea. Pale "imejilinda" inapokutana na "umeme kukatika" pana tiki, yaani tumeshajaribu.

Tiki yangu, Mjomba.

Siku ile ya majaribio ulinituma nikawaombe watu wa duara wasubiri tukate umeme. Nilipofika wakaanza: "Oya, mpisheni mama mkurugenzi! Amekuja kutufungia duara!" Wakacheka. Nikageuka bila kuwasalimia wala kuwaeleza nilichotumwa. Nikarudi, nikaweka tiki, nikakwambia, "Tayari, Mjomba." Hukukagua. Uliniamini... na mimi nikakuacha ulaumiwe kaburini.

Nimesharekebisha. Sasa umeme ukirudi, inapima maji kwanza. Nimejaribu upya kila mstari wa daftari, hata ule niliokuwa na uhakika nao.

Mama Neema nimemwambia leo asubuhi. Akasema, "Mimi si wa kuambiwa peke yangu."

Kesho naenda Nyarugusu. Nakuahidi nitasimama mbele ya watu wale wale, niwasalimie, halafu niseme nilichofanya. Wakicheka, nitasubiri wamalize, nirudie.

Lala salama, Mjomba. Jina lako litarudi safi. Langu waliite watakavyo.

Mpwa wako,
Nyamizi