Chaki Inayopungua Mezani

Mpendwa mshauri, nishike mkono kabla ya Alhamisi, siku ya kliniki. Mimi ni fundi cherehani, niliondoka kwetu miaka arobaini iliyopita nikiwa na mkasi na vitabu viwili, na sasa naishi na mwanangu, dereva wa lori ambaye wiki hii yuko safarini, na mkewe mwenye mimba ya miezi sita, ninayeshona naye chumba kimoja. Mwezi huu chaki za kuchorea vitambaa zilikuwa zikiisha upesi, nikadhani ni uzee, nazisahau mifukoni, hadi juzi nilipogeuka ghafla nikamwona mkwe wangu anaitafuna, midomo myeupe kama ya mtu aliyelamba chokaa. "Baba, tafadhali, usimwambie mwanao, ataniona kichaa." Nikasema, "Basi niachie kipande cha kukatia suruali," tukacheka, lakini akisimama hushika meza akihema, viganja vyake havina rangi, na vidonge vya kuongeza damu nimevikuta karibu vyote koponi kwa sababu vinamtia kichefuchefu, na vichache anavyovimeza huvimeza kwa chai nzito ninayompikia mwenyewe kila asubuhi nikidhani namtunza. Mama wa mwanangu alikufa kwa kutokwa damu siku ya tatu baada ya kujifungua. Tulikuwa tukikimbia kwetu kwa miguu, na hospitali ilikuwa imebaki nyuma yetu. Nimemwahidi binti huyu kunyamaza. Je, nivunje ahadi?

Fundi wangu, pole, na pole ya mkeo pia, maana nadhani hukupata nafasi ya kupewa. Lakini mzee mzima unafanyia mzaha chaki? Hamu hiyo si wazimu. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Na kuhema na viganja kupauka havingoji Alhamisi. Mpeleke leo apimwe.

Chai yako ya upendo inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Itenge na kidonge kwa saa mbili hivi. Kidonge ameze kwa maji au juisi ya chungwa. Kichefuchefu amwambie muuguzi, asiache dawa kwa uamuzi wake. Choo kikiwa cheusi, asishtuke, ni vidonge hivyo. Ale maharagwe, mboga za majani, samaki, nyama mkipata, na asiwe wa mwisho kupakua.

Kuhusu ahadi, mwambie binti huyo usoni: "Mwanangu, hili siwezi kulinyamazia." Kipande cha chaki akibebe mwenyewe, akamwonyeshe muuguzi, na mumewe akirudi, binti atamweleza mwenyewe. Safari hii hospitali iko mbele yenu, fundi. Funika cherehani, mtoke.