Choo Changu, Jina la Kompadre

Mpendwa Doña Otilia, mama mshauri wa redio, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa. Nina miaka hamsini na moja, nachuma zabibu hapa Selma, na kompadre wangu Eleuterio, aliyemsimamia binti yangu ubatizo, alipewa na kliniki kile kikopo cha kupimia choo nyumbani, maana yeye ana bima na mimi sina, akakishika kwa vidole viwili akaniambia, "Kompadre, mimi haya ya kuchokoa mavi siyawezi, nifanyie wewe mwenye tumbo la chuma," na unajua mwenyewe, kompadre hakataliwi, nikacheka nikamfanyia, akakirudisha kwa jina lake. Juzi nesi akampigia simu kwamba imeonekana damu, aende akapimwe utumbo kwa kamera, na Eleuterio akaja kwangu mbio anacheka, "Siendi ng'o! Damu si yangu, kompadre, ni yako!" kisha akaniona uso, akavuta kiti akakaa. Doña, damu nimeiona tangu msimu wa machungwa, wakati wa baridi, nikailaumu pilipili, nikanywa majani ya mama mkwe, nikajiambia ni bawasiri, na baba yangu kule kwetu Michoacán alikonda akaisha tukisema ni hasira zinamla. Mwezi wa kumi binti yangu anatimiza kumi na tano, kwetu hiyo ni sherehe kubwa kama harusi, na ngoma ya kwanza anacheza na baba yake, nikisema kompadre ataaibika na labda bima wataifuta, nikinyamaza sijui kama nitaufikia huo mwezi, mke wangu sijamwambia, naogopa sana. Nifanye nini?

Mwenye Damu, Selma

Mwenye Damu, nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Wanaume wazima wawili, mnaazimana choo kama mnaazimana ngazi! Kliniki mmeidanganya, ila choo hakikudanganya.

Pole, baba. Hofu yako naielewa, lakini damu si hukumu. Huenda ni bawasiri kweli, huenda ni kinyama kidogo kilichoota utumboni, ambacho daktari hukikata papo hapo. Na ikiwa ni saratani, ikishikwa mapema inatibika. Pilipili haiwezi kukupa jibu hilo. Watu wetu tunafika hospitali tumechelewa kwa sababu bima hatuna, ruhusa ya kazini hatuna, na wanaume wetu wanaogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa kufa. Inaniuma, nimezika wengi.

Kesho usiende shambani. Nenda kliniki, omba mkalimani wao, usimburute binti yako akutafsirie mambo ya makalio. Sema wazi: choo kile kilikuwa changu, damu naiona tangu machungwa, na baba yangu alikonda mpaka akafa. Huna bima? Uliza wanaotoza kwa kadiri ya kipato. Akikujibu vibaya wa dirisha la kwanza, nenda la pili.

Na wewe Eleuterio, acha kucheka. Chako hakijapimwa na mtu yeyote! Chukua kikopo kingine, na safari hii kaa mwenyewe.

Unaniambia mkeo hujamwambia. Mwenye Damu, barua nimeisoma hewani, jina la kompadre na mji umeandika kwa mkono wako, na Selma nzima inanisikiliza ikipika maharage. Mkeo ameshajua. Toka huko ulikojificha, anakungoja mlangoni na funguo za gari.