Miche Kwenye Mzigo wa Majani

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua, nimekata majani ya ng'ombe, nimekwenda chemchemi. Mvua mwanzo mwisho. Tumepanda miche ya asili iliyoletwa na halmashauri, pale chemchemini ilipokatwa mikaratusi iliyokuwa ikinyonya maji, mwaka jana. Kila mche tumeufunga kwenye kijiti kwa kamba ya mgomba. Afisa mazingira kutoka Tukuyu, dada mpole lakini hana mchezo, ametuambia wazi: miche ikishika, halmashauri inatujengea tangi. Ikifa kwa uzembe, tangi linakwenda kijiji kingine. Kiangazi kilichopita ndoo moja ilijaa kwa nusu saa. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, na tangi nalitaka kuliko wote.

Alhamisi, 20 Machi
Miche kumi na miwili imefyekwa. Upande wa chini wote. Ni mundu, siyo mbuzi. Mtu amekata majani humo humo tulimokataza.

Jumapili, 23 Machi
Baada ya ibada nimemtolea uvivu Mama Atupele mbele ya watu. Ana ng'ombe watatu, na shamba lake linapakana na chemchemi kama langu. Nani mwingine? Amejibu kidogo tu, kama anayeshukuru: "Ndaga, Mama Lusajo. Umeshanihukumu." Akaenda zake. Nimeona nimemweza.

Jumanne, 25 Machi
Nimesafisha hori. Chini, kwenye mabaki anayoyakataa ng'ombe, kuna vijiti. Vina kamba za mgomba. Fundo ni langu, nalijua.

Ni ile Jumatano ya ukungu, siku moja kabla sijaona miche imefyekwa. Nilichelewa, ng'ombe analia, nikafyeka bila kuona hatua mbili mbele. Nilidhani bado niko shambani kwangu.

Naona aibu. Sijala.

Jumatano, 26 Machi
Naweza kuvichoma. Nani atajua? Nimevificha chini ya kitanda. Ujinga mtupu.

Ijumaa, 11 Aprili
Afisa amekuja kukagua. Kabla hajaanza nimesimama, nikavimwaga vijiti mbele ya mkutano. Nimesema ni mimi, na Mama Atupele nilimsingizia. Mzee mmoja akacheka. Nilitamani kukimbia.

Afisa hakunifokea. Aliuliza nani mwingine amewahi kufyeka karibu na miche wakati wa ukungu. Mikono ikapanda, mmoja mmoja. Mingi. Akasema na yeye amekosea: alituletea miti bila kuuliza ng'ombe watakula nini. Halmashauri italeta vipando vya matete ya malisho tupande kwenye kingo za mashamba yetu, na miche ya kuziba mapengo. Atakagua tena Juni. Ukatibu wameniachia. Sikutegemea.

Nimemwomba radhi Mama Atupele. Amepita kama hajasikia.

Jumatano, 7 Mei
Matete yameshika lakini bado mafupi. Majani ya chemchemini hakuna anayeyagusa. Majani nafuata mbali, maziwa yamepungua. Nimechoka, ila silalamiki.

Jumamosi, 14 Juni
Jana afisa alihesabu mche kwa mche. Imeshika. Mafundi wa tangi wanakuja mwezi ujao. Watu walipiga vigelegele, mimi nikalia.

Leo asubuhi nimemkuta Mama Atupele bandani kwangu, anatua mzigo wa majani. Ameondoka bila salamu. Nimemfuata hadi kwake, nikamwomba radhi tena. Alinisogezea kigoda na kisu. Tumemenya ndizi mpaka sufuria ikajaa.