Kimya cha Mwalimu Momanyi

Kisii Mjini
9 Machi 1993

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na kwamba goti lako limekubali kupanda mlima bila kukusumbua. Mimi sijambo, ila nina kikohozi kidogo cha vumbi la stoo.

Ile kazi niliyokuambia Krismasi imeanza. Bwana Bipin, mwenye duka la redio ninakofanya kazi, ametuachia stoo yake. Tumetundika blanketi ukutani ili sauti isirudi, na sasa tunarekodi masomo ya Kiswahili kwenye kaseti, yapelekwe kwa vikundi vya akina mama huko Nyamira. Na mwalimu ni nani? Ni jirani yako Momanyi! Huja kila Jumamosi na tai yake ya kijani, hata kama hakuna anayemwona.

Andrew wa gari la mikate atakuletea redio na kaseti ya kwanza. Najua Kiswahili ulikipata zamani kule Kericho, lakini nataka uisikilize peke yako kwanza, kabla kikundi chako hakijaisikia, uniambie ni wapi Mwalimu anakimbia. Akiuliza swali, ananyamaza. Hapo wewe ujibu kwa sauti kubwa, kama uko darasani, halafu atakusifu na kuendelea. Usione haya.

Binti yako,
Jacinta

Ikonge
28 Machi 1993

Mwanangu Jacinta,

Mbuya mono, salama kabisa. Mimi mzima. Goti lina maneno yake lakini tunasikilizana. Na kikohozi? Kunywa tangawizi, usiniletee aibu ya binti aliyeshindwa na vumbi.

Kila nikitoka kuuza majani chai najifungia na huyu Momanyi wako. Ananiuliza, "Mama, unatoka wapi?" Kabla sijafika "Ikonge" ameshanikata: "Vizuri sana, mama. Tuendelee." Vizuri gani, na sijasema kitu? Mwongezee kimya. Sisi wazee hulitafuta neno kwanza. Jana nilimkuta barabarani nikamgombeza, akacheka mpaka akashika ua wa watu. Alisema hata mkewe Persis humlalamikia hivyo hivyo, kwamba hamngojei amalize.

Somo lenyewe ni zuri. Nilijibu yote.

Mama yako

Kisii Mjini
17 Mei 1993

Mama mpendwa,

Pole. Pole sana kwako na kwa mlima wote. U hali gani? Mimi nilikuwa kitandani na malaria wiki ile ya mazishi, ndiyo maana hukuniona. Jumamosi yake ya mwisho hapa stoo Mwalimu alilalamika kichwa, tukampa chai, akarudi nyumbani. Kusikia tena, Mwalimu hayupo.

Mpelekee Persis pole zangu.

Alikuwa amesharekodi masomo matatu. Bwana Bipin alifikiri tutafute mwalimu mwingine tuanze upya, mimi nikakataa. Sauti yake isipotee bure. Ule ukimya nimeurefusha kama ulivyotaka, sasa una nafasi ya kujibu mpaka mwisho. Andrew atakuletea somo la pili na la tatu. Sikiliza kama kawaida, Mama, na ujibu kama kawaida.

Binti yako,
Jacinta

Ikonge
6 Juni 1993

Mwanangu Jacinta,

Uzima ninao, tushukuru. Wewe je, malaria imekuacha? Mimi naogopa. Sijui niseme vipi.

Nilisikiliza zile kaseti mchana, mlango nimefunga, kama ulivyoniagiza. Persis alikuwa akipita nyuma ya ua wangu kwenda mtoni, hata nywele za matanga bado hajanyolewa. Akasikia mumewe akiniuliza mimi nimepika nini leo. Akanisikia nikimjibu. Akasikia, "Vizuri sana, mama." Alianguka pale pale na mtungi wake.

Tangu hapo hakuna mtoto anayetumwa kwangu kuomba chumvi. Kikundi hakiji. Nilimwonyesha mzee Mogire redio na kaseti, nikamchezea hata nyimbo za kanisa. Akasema, "Kaseti tunajua. Sisi si wajinga. Lakini wimbo haungoji mtu ajibu. Huyu anakungoja wewe." Wanasema nimemweka Momanyi ndani ya nyumba. Jana sokoni mwanamke mmoja alisema omorogi, mchawi, nikiwa nyuma yake, na hakupunguza sauti.

Unajua walichowafanya wazee wengine kwa neno hilo. Unajua paa langu ni la nyasi.

Mama yako

Kisii Mjini
9 Juni 1993

Mama,

Hujambo? Niambie tu kwamba hujambo. Bwana Bipin alinitazama nikisoma barua yako, akafunga duka mapema.

Toka hapo. Andrew atapita Jumamosi asubuhi, panda gari la mikate uje ukae nami. Kaseti usizichome wala usizizike, wakikuona unaficha itakuwa mbaya zaidi. Mwachie chifu. Nataka kuja mwenyewe niwaeleze, lakini naogopa pia, kwa sababu nitawaambia nini? Kwamba ni mimi niliyemfanya marehemu anyamaze akungoje?

Uje, Mama. Nimeshatandika kitanda.

Jacinta

Kisii Mjini
21 Juni 1993

Mama,

Uko salama? Andrew anasema ulikataa kupanda, na kwamba Jumamosi iliyofuata alikuta umefunga mlango na hukuitika. Sijapata hata mstari mmoja. Kila mtu wa Nyamira akiingia dukani namtazama uso kabla hajasema anataka nini.

Nijibu. Hata neno moja.

Jacinta

Ikonge
27 Juni 1993

Mwanangu Jacinta,

Ni mimi, na ni mzima. Nisamehe kwa kunyamaza. Kula, najua huli.

Sikupanda gari kwa sababu nikiondoka nimekubali wanalosema. Ile siku Andrew alipobisha nilikuwa chini ya kitanda. Nilidhani ni wao.

Kesho yake mchana Persis aliingia kwangu na fimbo. Nilijua amekuja kunipiga, nikakaa tu. Yeye naye akakaa, akasema, "Mfungulie aseme." Nikabonyeza. Mumewe akauliza, "Mama, jina lako ni nani?" akanyamaza. Persis akajibu kwa sauti ndogo, "Persis." Akaambiwa, "Vizuri sana, mama. Tuendelee."

Akaniangalia. Swali lililofuata hakulijali. Badala yake akamwuliza mumewe: "Ufunguo wa sanduku uliuacha wapi?" Kimya. "Vizuri sana, mama." Akamtukana kabisa, Jacinta, tusi la Ekegusii ambalo siliandiki. "Vizuri sana, mama. Tuendelee." Basi alicheka, na kicheko kikageuka kilio, akajifunika kanga. Akasema, "Huyu hanijui. Momanyi hajawahi kuniita mama. Na kwa tusi lile angeninunia mwezi." Nikamshika mpaka akatulia. Mimi nilikuwa nimempoteza jirani. Yeye ndio kwanza alikuwa anampoteza mume.

Ijumaa chifu aliita baraza. Mogire akamwuliza Persis mbele ya watu kama ile sauti ni ya mumewe. Persis alisimama akasema, "Ni yake. Na mimi pia ananifundisha." Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walitutazama sote wawili kwa jicho lile lile waliloniangalia mimi peke yangu.

Jioni hiyo alihamisha godoro lake likaja kwangu, akalitandika kati ya kitanda changu na mlango. Nikamwambia arudi kwa wanawe. Akasema, "Wakija, wamchome kwanza mjane wa mwalimu wao." Hatulali vizuri. Mbwa akibweka tunashikana mikono. Asubuhi tunafungua mlango wazi, tunaweka redio kizingitini, na tunajibu pamoja, kwa nguvu, barabara nzima isikie.

Somo la tatu tumelimaliza. Tafuta mwalimu mwingine arekodi la nne, umpe Andrew alilete.

Wewe usije.

Mama yako